Barua ya wazi kwa vijana: habari nzito msiiandike, pigeni simu

Wanangu na wajukuu zangu,

Nawasalimu kwa upendo wa mzee anayewaombea heri. Ninaandika nikiwa na uchungu, wala sitauficha, kwa sababu ninyi ndio mtakaobeba habari za familia zenu baada ya sisi kuondoka, na namna mnavyozibeba sasa hainiridhishi hata kidogo.

Mwezi uliopita mama mmoja ninayemheshimu sana alipata habari ya kifo cha mwanawe kwa njia ambayo sikudhani ningekuja kuishuhudia. Alikuwa ameketi sebuleni akizungumza nasi wageni wake, simu ikatetema mezani, akavaa miwani akaisoma. Wa kwanza alikuwa ameandika, "Pole sana mama, Mungu akutie nguvu." Wa pili aliweka nyuso tatu zinazotoka machozi. Mama akainua macho akatuuliza, "Ninapewa pole ya nini?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Ilimbidi asogeze kidole juu ya kioo, ujumbe baada ya ujumbe, mpaka alipolikuta jina la mwanawe, limeandikwa na kijana wa ukoo aliyetaka kuwa wa kwanza kutoa taarifa katika kundi la WhatsApp. Pole zilimfikia kabla ya msiba wenyewe. Kundi zima lilikwisha kujua, na katika wote hao hakuna hata mmoja aliyempigia simu.

Mimi nilifanya kazi ya kuunganisha simu, tangu enzi za swichibodi za kuchomeka nyaya mpaka mitambo ilipoanza kujiunganisha yenyewe. Mpigaji alipoinua mkono wa simu, taa ndogo iliwaka mbele yangu. Nilichomeka waya, nikamuuliza anamtaka nani, nikaita upande wa pili, na waliposikiana nikajitoa kwenye laini, kwa kuwa maongezi ya watu yalikuwa siri na tulikatazwa kuyasikiliza. Simu za mbali zilihesabiwa kwa vipande vya dakika 3, nasi tulipaswa kuingia tena na kuwajulisha wanaozungumza kwamba muda wao umekwisha. Niliona ugumu mkubwa kuwakatiza watu waliokuwa wakilia.

Kazi hiyo ina asili yake, na inafaa muijue. Kituo cha kwanza cha biashara cha kuunganisha simu kilifunguliwa New Haven, Marekani, mwezi Januari 1878, miaka miwili tu baada ya Alexander Graham Bell kupewa hataza ya simu. Walioajiriwa mwanzoni katika vituo vya namna hiyo walikuwa vijana wa kiume, nao wakajulikana kwa ukali na mzaha mbaya kwa wateja, hata ikabidi kutafuta watu wengine; Septemba mwaka huohuo Emma Nutt akaajiriwa mjini Boston, akawa mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo. Haukupita hata mwaka, watu walikuwa wamekwisha kutambua kwamba waya peke yake hautoshi, na kwamba anayepeleka neno la mtu kwa mwenzake lazima awe na adabu. Leo kila mmoja wenu ni opereta wa ukoo wake, ana kituo kizima kiganjani, lakini ile adabu haikuuzwa pamoja na kifaa.

Mnaniambia kwamba ujumbe ni ujumbe, uandikwe au usemwe. Sikubaliani nanyi, na ninazo sababu.

Laini ya simu ya kawaida ilitengenezwa ipitishe sehemu ndogo tu ya sauti ya binadamu, kuanzia takriban mitetemo 300 hadi 3,400 kwa sekunde. Mtetemo wa msingi wa sauti ya mwanamume mtu mzima huwa chini ya hapo, kwa hiyo haupiti kabisa kwenye waya, na bado mkipigiwa na baba mnamtambua kabla hajamaliza salamu, kwa sababu ubongo hujaza wenyewe kile kilichokatwa. Sikio humpokea mpendwa wake hata akiletwa nusu. Maandishi hayana msaada huo. Msomaji naye hujaza kilichopungua, lakini hujaza kwa hofu yake mwenyewe, ndiyo maana neno "sawa" likiandikwa peke yake huweza kuvuruga nyumba siku nzima.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison walilipima jambo hili mwaka 2010. Waliwachukua wasichana wa miaka 7 hadi 12, wakawapa kazi ya kuwatia wasiwasi, yaani kuhutubia na kufanya hesabu mbele ya watu wasiowajua, kisha baadhi yao wakafarijiwa na mama zao ana kwa ana, wengine kwa simu, na wengine hawakukutanishwa na mama. Waliosikia sauti ya mama kwenye simu walipanda kiwango cha oksitosini, ile homoni inayohusiana na ukaribu na utulivu, karibu sawa na wale waliokumbatiwa. Baadaye wakarudia jaribio wakiongeza kundi la mabinti waliofarijiwa na mama zao kwa ujumbe wa maandishi, na miili ya mabinti hao ikaonekana kama ya watoto ambao hawakufarijiwa na mtu yeyote. Maneno ya upendo yalikuwepo, mama alikuwa ndiye, kilichokosekana ni sauti. Sasa mfikirieni yule mama aliyesoma nyuso tatu za machozi.

Kuna jambo jingine ambalo maandishi hayawezi kubeba, nalo ni kimya. Katika lugha nyingi zilizochunguzwa, mtu mmoja akinyamaza mwenzake hudakia kwa kawaida ndani ya muda wa sehemu moja ya tano ya sekunde. Ndiyo maana kimya kikirefuka kidogo tu kwenye simu mnaanza kuita, "Haloo? Unanisikia?" Mwenye kutoa habari ya msiba anakihitaji kimya hicho, kwa sababu ndicho kinachomweleza kwamba mwenzake ameishiwa nguvu, kwamba asiendelee na maelezo ya hospitali na mipango ya mazishi, bali angoje. Anayeandika habari hiyo na kuiweka mfukoni simu yake hajui kama msomaji amekaa, amesimama, yuko peke yake au anaendesha gari. Amejipunguzia yeye mzigo, akamtwisha mfiwa.

Kwa hiyo nawaagiza, na hapa sizungumzi kwa kubembeleza. Kifo, ajali, ugonjwa mkubwa na kuvunjika kwa ndoa haviingii kwenye kundi mpaka wenye uchungu wa kwanza wawe wamepigiwa simu au wamefuatwa nyumbani. Mzazi, mwenzi, watoto na ndugu wa tumbo moja ndio wa kwanza, kisha wengine. Kabla ya kumpigia mfiwa, mtafuteni mtu aliye karibu naye, jirani au ndugu, aende akae naye. Mkimpata mfiwa kwenye simu, muulizeni yuko wapi na yuko na nani. Kama yumo barabarani, mwombeni asimame kwanza. Mwambieni mna habari nzito, ili moyo upate hatua moja ya kujiandaa, kisha litajeni jambo lenyewe waziwazi: amefariki. Msiseme "hali si nzuri" wakati mtu amekwisha kukata roho, maana mnampa tumaini ambalo mtalazimika kumnyang'anya baada ya saa moja. Baada ya hapo nyamazeni, na msiwe wa kwanza kukata simu. Ni yeye atakayewaachia.

Aliyepewa taarifa mapema aitunze. Kuijua habari ya mwenzako kabla yake ni amana, na tamaa hii ya kuwa wa kwanza kutangaza msiba ni aibu ambayo jamii yetu imeizoea mpaka haioni tena kwamba ni aibu. Waajiri nao wanawaachisha watu kazi kwa ujumbe wa mistari miwili, baada ya utumishi wa miaka. Ofisi kubwa zimeweka sauti iliyorekodiwa inayomwambia mgonjwa abonyeze namba hii kisha ile, mpaka salio linakwisha kabla hajamsikia binadamu. Tunawafundisha watoto kutumia vifaa, hatuwafundishi kuzungumza kwenye vifaa hivyo, halafu tunashangaa kijana wa miaka ishirini na mitano anatokwa jasho akitakiwa kumpigia simu mtu asiyemzoea.

Najua mnavyojitetea. Mnasema simu inaingilia, inamkuta mtu kazini, inadai jibu papo hapo, na kwamba ni ustaarabu kuandika kwanza. Kwa mambo madogo mna haki. Ujumbe mfupi wa kwanza kabisa kupokewa kwenye simu ya mkononi, tarehe 3 Desemba 1992, ulikuwa salamu za Krismasi, na kwa salamu, anwani, saa ya mkutano au orodha ya vitu vya kununua, maandishi yanafaa kuliko maneno, kwa kuwa yanabaki na yanaweza kusomwa tena. Siyachukii. Ninachokataa ni kuyapa kazi isiyo yao kwa sababu tu sisi tunaogopa kusikia mtu akilia.

Wala msidhani kwamba mtaweza kupiga simu siku ya msiba kama hamkuzoea kupiga siku za kawaida. Mama ambaye mwanawe humpigia anapotaka fedha tu hushtuka akiliona jina lake kwenye kioo, na hata habari njema humfikia akiwa amekunja uso. Simu za kila siku, zile za "nimefika salama", "mvua imenyesha huko?", "umekula?", ndizo zinazoitengenezea sauti yenu mahali pa kukaa ndani ya mzazi. Hazina habari yoyote, na hakuna anayekumbuka moja moja yake, lakini ndizo zinazomfundisha mama jinsi mnavyosema mkiwa wazima, hata siku moja mkiugua akawagundua kwenye neno la kwanza. Nimeona hilo mara nyingi. Mtoto anasema "sijambo mama", na mama anajibu, "Sema ukweli, unaumwa nini?"

Enzi za simu ya mezani sauti ilikuwa na mahali pake nyumbani. Ilipolia, wote waligeuka. Mmoja aliipokea na wengine walimtazama usoni, wakajua habari kwa jinsi alivyoshika ukuta au alivyocheka. Tarehe 3 Aprili 1973 Martin Cooper, mhandisi wa kampuni ya Motorola, alisimama katika mtaa wa New York akiwa na simu ya mkononi yenye uzito wa zaidi ya kilo moja, akampigia mshindani wake Joel Engel wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya AT&T, na tangu siku hiyo simu ikaanza kuhama kutoka nyumba kwenda kwa mtu. Zamani tulipiga mahali, tukauliza kama fulani yupo. Sasa tunampigia mtu mwenyewe, tukamuuliza yuko wapi. Ni faida kubwa, wala sitamani kurudi nyuma. Lakini imewaachia ninyi kila mmoja kupokea habari yake peke yake, penginepo ndani ya basi, akiwa amebanwa na watu asiowajua, na hilo linaongeza wajibu wa anayepiga.

Haja ya binadamu kumsikia wake haikomi hata kwa kifo. Huko Otsuchi, Japani, Itaru Sasaki alijenga kibanda cha simu bustanini mwake mwaka 2010, akaweka ndani simu ya zamani isiyounganishwa na waya wowote, ili aweze kuzungumza na binamu yake aliyefariki. Mwezi Machi mwaka uliofuata tsunami ikaua watu wengi wa eneo lile, naye akakifungua kibanda kwa waliofiwa. Maelfu wamekwenda, wakainua mkono wa simu, wakasema na watu wao. Wanajua fika kwamba upande wa pili hakuna anayesikiliza. Wangeweza kuandika barua wakaiacha pale, lakini walitaka kusema kwa mdomo.

Mambo mengine nayataja tu. Aliyewapigia mkamkosa, mrudishieni simu siku hiyohiyo. Msimweke mtu kwenye kipaza sauti bila kumwambia nani wengine wanasikiliza. Msipige wala msipokee mkiwa mnaendesha. Mkiwa na mgeni mbele yenu, mwombeni radhi kabla ya kupokea. Msigombane kwa simu usiku. Mtoto akipokea simu ya mkubwa, afundishwe kusalimu kwanza.

La mwisho ni sauti za wazee wenu. Familia nyingi zina maelfu ya picha za bibi na hazina dakika moja ya bibi akizungumza. Ujumbe wa sauti aliowatumia msiuache ukafutika siku simu itakapoharibika. Uhamisheni, na uwekwe mahali pawili tofauti, ndugu mwingine naye awe na nakala. Namba ya marehemu msiitegemee kuwa kumbukumbu, kwa sababu kampuni za simu humgawia mteja mpya namba iliyokaa muda mrefu bila kutumika, na nimemwona binti akiipiga namba ya baba yake kwa hamu tu, ikapokewa na mtu asiyemjua. Mkitaka kumrekodi mzee mkiwa mnazungumza naye, mwombeni ruhusa kwanza na kumweleza ni kwa ajili ya nini, kisha mwulizeni jambo alipendalo, mwacheni aseme kwa mwendo wake, na msimkatize hata akirudia yale aliyokwisha kuyasema.

Mzee wenu,
Opereta mstaafu wa simu