Tupigwe picha kwanza, sindano baadaye

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaume wenzangu. Mwaka juzi kipimo changu cha damu cha tezi dume, PSA, kilikuja juu. Wiki iliyofuata nikachomwa sindano 12 kupitia njia ya haja kubwa, kunyofoa vipande vya nyama ya tezi vikapimwe saratani. Nilikojoa damu siku nne, mke wangu akifua shuka usiku ili wajukuu wasione. Saratani haikuonekana. Na PSA hupanda hata kwa maambukizi ya mkojo tu!

Baadaye nikasoma kuhusu utafiti wa PROMIS wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2017. Wanaume 576 walipimwa, ikaonekana kwamba wakianza na picha ya MRI, ile ya mashine ya sumaku, kama robo yao wangeweza kuepuka sindano. Tena picha humwonyesha daktari pa kuchoma, asibahatishe.

Naiomba serikali na mifuko ya bima: mwenye PSA ya juu apigwe picha kwanza, bila kuuza ng'ombe. Wazee wenzangu hapa mtaani wamesikia habari ya sindano zangu, sasa hata damu ya kipimo hawataki kutoa.

Dereva mstaafu,
Tanga