Kabla ya kuuliza bei ya simu, tuulize mnara uko wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo moja kuhusu namna sisi wakazi wa vijiji vya mlimani tunavyonunua simu janja na kulipia intaneti. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ninaishi Uru, na kwa kuwa ni katibu wa kikoba chetu cha akina mama, simu nyingi za majirani hupita mikononi mwangu kabla hazijafika kwa fundi. Malalamiko ninayoletewa nimekuwa nikiyaandika katika daftari, pembeni ya hesabu za hisa. Nikiyasoma leo naona kwamba karibu sote tunaanzia mwisho: tunachagua simu kwanza, kisha laini, kisha kifurushi, na mahali tunapolala hatupafikirii kabisa, ilhali hapo ndipo hesabu yote ilipaswa kuanzia.

Nitoe kisa changu mwenyewe, maana sitaki kuwasema wenzangu peke yao. Mwaka juzi nilinunua simu katika duka moja mjini Moshi. Muuzaji, kijana mwenye adabu, alinionyesha kamera, akanipiga picha nikatoka nimepungua miaka kumi, kisha akanifungulia video, na hapo dukani intaneti ilitiririka kama maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, wakati wa masika. Nikalipa, nikapanda daladala, nikafika nyumbani kabla ya magharibi. Juu ya kioo vijiti vya mtandao vilikuwa vimejaa, lakini pembeni yake palikuwa na herufi moja tu, E, na picha aliyonitumia mwanangu ilizunguka kiduara chake hadi nikaenda kukamua ng'ombe nikarudi ikiwa bado inazunguka. Betri niliyoahidiwa kwamba ingekaa siku mbili ikawa inaisha saa kumi jioni. Niliirudisha simu dukani mara mbili, na kila nilipoifikisha mjini ilipona. Hatimaye fundi mmoja wa Mbuyuni akaniambia, bila kunitoza hata senti, "Mwalimu, simu yako ni nzima. Shida yako ni mnara."

Alinifafanulia jambo ambalo ningependa kila mnunuzi alijue. Simu ni kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya korongo: kadiri mwenzake alivyo mbali, ndivyo anavyolazimika kupaza sauti, na ndivyo anavyochoka mapema. Simu iliyo mbali na mnara huongeza nguvu ya kurusha mawimbi yake, na nguvu hiyo hutoka kwenye betri. Vile vijiti tunavyovihesabu vinaonyesha tu jinsi mawimbi yanavyofika. Aina ya njia yenyewe inaonyeshwa na herufi iliyo kando yake. E ni teknolojia ya kizazi cha pili, inayotosha kupiga simu na kutuma ujumbe mfupi. H na 3G ni kizazi cha tatu. 4G ndiyo inayobeba video bila kusita. Vijiti vikiwa vyote na herufi ikawa E, una njia ya miguu iliyofagiwa vizuri, lakini lori halitapita.

Huku kwetu tatizo linakuzwa na ardhi yenyewe. Mito kama Karanga na Rau imechimba makorongo marefu, na vijiji vimekaa juu ya migongo iliyo katikati yake, hivyo nyumba iliyo juu hupata 4G wakati ile iliyo bondeni, mwendo wa dakika tano tu kwa mguu, haipati kitu mpaka mwenye nyumba asimame kwenye kona ya banda la ng'ombe. Kwa sababu hiyo namwonea huruma mtu anayemuuliza shemeji yake aliyeko Dar es Salaam ni mtandao gani ulio bora. Shemeji anajibu kwa ukweli kabisa, lakini anajibu habari za Sinza.

Katika kikoba chetu tulifanya jaribio ambalo halikutugharimu chochote. Akina mama wanne wenye laini za kampuni nne tofauti walikwenda nyumbani kwa mwenzetu aliyetaka kununua simu, wakakaa mahali anapokaa yeye akishamaliza kazi zake, na saa mbili usiku, wakati ambapo kila mtu yuko mtandaoni, wakafungua ukurasa uleule kwa pamoja. Mshindi hakuwa yule anayesifiwa zaidi mjini. Wiki iliyofuata tukarudia kwenye nyumba nyingine ng'ambo ya korongo, akashinda mwingine. Sitazitaja kampuni hizo, kwa kuwa matokeo ya nyumba mbili za Uru hayamsaidii mtu wa Machame wala wa Pasua. Kinachomsaidia ni kuazima laini na kujaribu mwenyewe. Asijaribu tu wakati wa Krismasi, watu wetu wanapopanda kutoka kila mkoa na mnara uliozoea kuhudumia kijiji unagawana nguvu zake na magari yote yaliyoegeshwa kando ya migomba. Akipima siku hizo ataikataa laini nzuri bure.

Ukishajua laini inayofika kwako, hakikisha yenyewe ni ya 4G, kwa maana wapo wanaotumia kadi za zamani walizoziweka kwenye simu za kitochi miaka mingi iliyopita, wakanunua simu ya kisasa, wakashangaa haivuki 3G. Kadi hiyo hubadilishwa na namba inabaki ileile.

Simu yenyewe sitaizungumzia sana, kwa kuwa kamera na rangi kila mtu anajichagulia. Nina tahadhari chache tu. Ukiona boksi limeandikwa RAM, yaani kumbukumbu ambayo simu hufanyia kazi, ya GB 4+4, ujue nne za kwanza ndizo za kweli na nne za pili zimeazimwa kwenye hifadhi ya simu, ambayo ni ya polepole zaidi. Ni sawa na kuhesabu viti vya jirani kuwa vyako kwa sababu siku ya msiba huviazima. Ukiona GB 32 za hifadhi, kumbuka kwamba sehemu kubwa yake imeshachukuliwa na mfumo wa simu kabla hujaweka picha hata moja, kwa hiyo mwombe muuzaji afungue mipangilio akuonyeshe nafasi iliyobaki. Uliza pia toleo la Android, kwa kuwa mwezi Januari 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu zilizo chini ya Android 5, na simu za namna hiyo bado zinazunguka mikononi mwa watu kwa bei inayovutia. Aliyeletewa simu na ndugu kutoka Marekani aulize kama imefungwa kwa kampuni ya huko isikubali laini nyingine, vinginevyo atakuwa na kioo kizuri cha kujitazamia. Na kabla ya kutoa fedha, bonyeza *#06#, linganisha namba ya IMEI, yaani utambulisho wa simu, yenye tarakimu 15 na ile iliyo kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano, uone kama jibu linaitaja simu unayoishika. Tusisahau Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchi nzima na watu wakaamka wakiwa na vipande vya plastiki.

Kuhusu simu za mkopo, zidisha kabla ya kusaini. Tuseme unalipa Sh 1,500 kila siku kwa mwaka mmoja: hiyo ni Sh 547,500, mbali na kianzio, kwa simu ambayo inajifunga yenyewe siku ukichelewa.

Sasa nifike kwenye kifurushi, ambako ndiko fedha zetu zinakoishia, maana simu hununuliwa mara moja lakini bando hununuliwa mpaka kufa. Mwezi wa Januari, matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, mwenzetu mmoja alitumiwa kiungo cha tovuti ya Baraza la Mitihani kupitia WhatsApp. WhatsApp yake ilikuwa inafanya kazi vizuri, sauti na picha zinaingia, lakini kila alipogusa kile kiungo ukurasa ulikataa kufunguka. Akaamini simu imeugua. Alishuka mjini kwa fundi, ambaye bila kuuliza swali aliifuta simu yote na kuipakia upya, akamtoza Sh 10,000. Picha za kipaimara cha mtoto zikapotea, na ukurasa bado ukakataa. Aliponiletea nilimwomba anisomee ujumbe wa kifurushi alichojiunga, nao ulisema wazi, kwa maneno yaliyobanana, kwamba MB zile ni za mitandao ya kijamii tu. Kiungo kilikuwa kinamtoa nje ya WhatsApp, na nje ya WhatsApp hakuwa amelipia. Hakuna aliyemdanganya, hilo nakiri. Lakini mtu anayejiunga kupitia menyu inayojifunga yenyewe kabla hajamaliza kusoma ukurasa wa pili, huyo tusimlaumu kwa kutosoma.

Hesabu yenyewe ya kifurushi ni ya darasa la nne, ila haifanywi. Tuseme cha siku ni Sh 1,000 kwa MB 400 na cha wiki ni Sh 3,000 kwa MB 1,500. Ukigawanya, cha siku kinakupa MB moja kwa Sh 2.50 na cha wiki kwa Sh 2, na wengi huishia hapo wakasema cha wiki ni nafuu. Mimi husema gawa kwa MB ulizotumia, si ulizopewa. Mama anayeuza ndizi, anayehitaji intaneti siku mbili za soko tu, atatumia Sh 2,000 kwa vifurushi viwili vya siku. Akinunua cha wiki atalipa Sh 3,000, na zile MB zitakazobaki zitaondoka Jumapili usiku bila kuaga. Vilevile kifurushi kinachochanganya dakika, ujumbe na MB huonekana kimeshiba, lakini kama jamaa zako wote mnaongea kwa WhatsApp, zile dakika unazilipia ili zife.

Kinyume chake, yupo anayemaliza MB 400 kabla ya saa nne asubuhi akadai ameibiwa. Huyo nimemkuta mara nyingi, na karibu kila mara mwizi ni kundi la ukoo. Watu sitini wanatumiana maua ya habari za asubuhi, video za mahubiri na picha za harusi, na simu inazipakua zote yenyewe hata kama mwenye simu yuko shambani. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, uzime upakuaji wa picha, video na nyaraka unapotumia data ya simu. Baada ya hapo utagusa unachotaka kukiona tu. Kazi hiyo haichukui hata dakika mbili, na kuna mama aliyeniletea parachichi kwa ajili yake.

Ninachokuomba wewe, Mhariri, ni hiki. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania hutoa takwimu kila robo mwaka, na ndani yake zimo bei za wastani za MB, ndani na nje ya kifurushi. Ni kazi nzuri, lakini mama aliye mbele ya menyu hanunui wastani, ananunua kifurushi chenye jina, na majina hayo hubadilika kuliko msimu wa kahawa. Mwezi Aprili 2021 wananchi walipopiga kelele kwamba bei za vifurushi zimepanda, vifurushi vipya vilisitishwa; kelele zile zilisikika kwa sababu siku hiyo kila mtu aliona tofauti kwa pamoja. Siku za kawaida hakuna anayeiona, kwa kuwa huku kwetu hatupajui mahali bei zote zinapokaa kwenye ukurasa mmoja.

Gazeti lako huchapisha viwango vya kubadilisha fedha za kigeni, ambazo wengi wetu huku hatujawahi kuzishika. Naomba kila Jumatatu muweke jedwali dogo la vifurushi vya siku, wiki na mwezi vya kampuni zote, likiwa na safu nne: bei, MB, bei ya MB moja, na kama MB hizo zinafungua kila kitu au mitandao ya kijamii pekee. Hiyo safu ya nne msiiache, hata kama nafasi ni finyu. Kikoba chetu hukutana Jumatano, na nitalikata na kulibandika ndani ya jalada la daftari la hisa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Uru Kaskazini, Moshi.