Ubunifu wa vifaa tiba uanzie wodini, ulindwe na karakana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala kuhusu namna ya kukuza ubunifu wa teknolojia ya tiba na sayansi ya uhai nchini. Wengi wamezungumzia fedha, maabara za kisasa na vituo vya kulea wabunifu vijana, na hayo yote ni ya lazima. Hata hivyo, sisi tunaoshinda katika karakana za hospitali tukifungua na kufunga mashine tunajua kwamba kifaa huishi au hufa kwa mambo mawili yanayotajwa kwa nadra: kama aliyekibuni alikaa na mkunga au muuguzi atakayekitumia, muda wa kutosha kumwelewa, na kama siku kitakapoharibika atakuwepo mtu mwenye ujuzi na kipuri cha kukirudisha kazini.

Mfano ulio wazi hatuna haja ya kuufuata ng'ambo. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu mkoani Manyara, watafiti wa Kitanzania na wenzao wa Norwei walianza mwaka 2009 kuweka waangalizi waliofunzwa katika chumba cha kujifungulia, wakipima kwa sekunde kila kilichofanyika tangu mtoto anapozaliwa hadi anapopumua. Kazi hiyo ya subira, ambayo haikuwa na kifaa kipya cha kujivunia, ndiyo iliyotoa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012: kwa mtoto aliyezaliwa bila kupumua, kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kumpulizia hewa ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufa au kulazwa kwa muda mrefu. Kabla ya hapo kila mkunga alijua kwamba kuchelewa ni hatari, lakini hakuna mhandisi aliyeweza kuishika hatari hiyo na kuifanya kipimo cha kazi yake.

Vifaa vilivyofuata vilikuja kujibu swali lililokwisha kuulizwa. Kifaa kinachoitwa Moyo, kilichotengenezwa na kampuni ya Laerdal ya Norwei na kufanyiwa majaribio katika hospitali zetu, zikiwemo Haydom na Muhimbili, hufungwa tumboni mwa mama kwa mkanda na kusoma mapigo ya moyo wa mtoto mfululizo. Fetoskopu tuliyoizoea, yaani kifaa cha mkono cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, humtaka mkunga ainame, asikilize na kuhesabu, na mkunga mmoja mwenye wajawazito kadhaa wenye uchungu kwa wakati mmoja hawezi kufanya hivyo mara zote zinazotakiwa, hata awe hodari kiasi gani. Vifaa hivyo vilipounganishwa na mazoezi mafupi ya mara kwa mara kazini, na utaratibu wa wahudumu kujadili takwimu zao wenyewe, katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2025 yalionyesha kwamba vifo vya watoto wachanga ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa takriban asilimia 40. Ninasisitiza neno mazoezi, kwa sababu kuna hatari kubwa ya viongozi wetu kusoma habari hiyo, wakaagiza vifaa na kuyaacha mazoezi.

Ninaifurahia kazi hiyo kwa moyo wote, na bado nauliza kwa nini uchunguzi ufanyike Mbulu na kiwanda kiwe kwingine. Jibu haliko kwenye akili za vijana wetu. Mwaka 2003 kampuni ya Sumitomo ya Japani iliipatia kampuni ya A to Z ya Arusha, bila malipo, teknolojia ya kutengeneza vyandarua vyenye dawa ya kudumu, na kiwanda hicho kikakua hadi kuzalisha mamilioni ya vyandarua kwa mwaka na kuajiri maelfu ya watu. Teknolojia ilikuwepo na mkopo ulipatikana, lakini kilichokipa kiwanda uthubutu wa kupanuka ni kwamba mashirika ya kimataifa na programu za malaria zilikuwa tayari kununua vyandarua kwa wingi. Mbunifu wa leo wa mashine ya kupashia joto watoto njiti hana hakikisho la namna hiyo: anaweza kushinda tuzo na kupata ruzuku, kisha akakuta zabuni zimeandikwa kwa masharti ambayo aliyeingia sokoni karibuni hawezi kuyatimiza, kwa mfano uzoefu wa miaka mingi wa kuuza kifaa kilekile.

Kuhusu udhibiti, tunayo sababu ya kujiamini. Mwaka 2018 mamlaka yetu ya dawa, ambayo leo ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), ilikuwa ya kwanza Afrika kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imefikia ngazi ya tatu ya ukomavu, yaani ina mfumo thabiti na unaofanya kazi vizuri wa kudhibiti dawa.

Nirudi kwenye karakana. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011, uliohusisha nchi 16 zenye uwezo mdogo, ulikuta karibu asilimia 40 ya vifaa vya hospitali havifanyi kazi. Nimekutana na mashine ya kuzalisha oksijeni iliyoletwa bila kitabu cha matengenezo na bila chujio la akiba, ikafa kwa vumbi na umeme unaopanda na kushuka, huku wodi ya watoto ikisubiri. Aliyeibuni hakupata kujua, kwa sababu hakuna njia ya taarifa ya fundi kumfikia, na kwa hiyo toleo lililofuata lingekuja na kasoro ileile. Vyuo kama Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) vinafundisha wataalamu wa vifaa tiba. Wengi wao wakihitimu huajiriwa kuuza mashine, kwa kuwa nafasi za kuzitengeneza hospitalini ni chache.

Ninapendekeza kwa Wizara ya Afya na Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) kwamba kila ruzuku ya ubunifu wa kifaa tiba iwe na sharti la mbunifu kufanya kazi ndani ya hospitali ya wilaya pamoja na wahudumu na fundi wake kabla ya kuchora chochote. Kwamba Bohari ya Dawa, inayonunulia hospitali za umma dawa na vifaa, itenge sehemu ya manunuzi yake kwa vifaa vya ndani vilivyopita kwa TMDA. Na kwamba bei ya kila zabuni ijumuishe vipuri na mafunzo ya fundi kwa miaka isiyopungua mitano. Taarifa za kuharibika kwa vifaa zikusanywe kila robo mwaka na kuwekwa wazi kwa vyuo na wabunifu.

Wako mtiifu,
Fundi sanifu wa vifaa tiba,
Kanda ya Ziwa