Fulana ya waridi, pesa ya nani?

Bwana Mhariri,

Katika mitumba ya soko liitwalo Kenya, hapa Lubumbashi, niliona fulana ya waridi ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, yenye utepe wa saratani ya matiti. Ligi hiyo ilianza kampeni ya waridi dhidi ya saratani hiyo mwaka 2009. Lakini mwaka 2013 iliripotiwa huko Marekani kwamba katika kila dola 100 za mauzo ya bidhaa hizo za waridi, kama dola 8 tu ndizo zilizofika kwenye utafiti. Nane! Ligi ilisema haikubaki na faida. Sehemu kubwa ilikwenda kwa watengenezaji na maduka.

Shangazi yangu aliuza cherehani yake ajitibu ugonjwa huo. Kwa hiyo naomba klabu zetu, zikiuza skafu za kusaidia wagonjwa au wakimbizi, ziandike kwenye lebo ni faranga ngapi zinawafikia.

Mpenzi wa mpira, Lubumbashi