Kabla ya kulipia fomu ya chuo
Wazazi na vijana wa kidato cha nne, habari za jioni. Kabla hamjatoa hata mia, ingieni tovuti ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi na ufundi stadi Tanzania, mwangalie usajili wa chuo, kisha kozi yenyewe. Hapo ndipo wengi wanapopigwa: chuo kina namba halali, ila kozi unayoitaka hakina ruhusa ya kuifundisha.

Utabibu unataka ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia. Huna Fizikia na wakala anasema "tutapanga"? Mkimbie.

Ombeni mchanganuo mzima kwa maandishi: ada, hosteli, bima, mitihani, mafunzo kwa vitendo. Mwenye ndoto ya digrii, stashahada yenye GPA (wastani wa alama) chini ya 3.0 haikuingizi moja kwa moja.

Maswali yaleteni hapa hapa, si inboksi.