Mapigo ya Kumtembeza Baba

Ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi, na pole kwa kuuguza. Nimefurahi kusikia kwamba Baba amerudi nyumbani baada ya kiharusi na kwamba anasimama kwa mkongojo, ijapokuwa mguu wa kushoto bado anauburuta. Umeniuliza kama muziki utamsaidia kutembea au utamchangamsha tu. Muziki unaweza kumsaidia, lakini kinachofanya kazi hasa ni mapigo, wala si utamu wa wimbo.

Sauti inayojirudia kwa vipindi sawa huufanya ubongo ulitarajie pigo lijalo, hivyo misuli hujiandaa kabla mguu haujainuka, na mgonjwa ambaye hatua moja ni ndefu na nyingine fupi huanza kuzilinganisha. Michael Thaut na wenzake wa Colorado, Marekani, walichapisha mwaka 1997 matokeo ya mafunzo ya wiki 6, ambapo wagonjwa wa kiharusi waliofuata mapigo walipata kasi kubwa zaidi na hatua ndefu zaidi kuliko waliofanya mazoezi ya kutembea bila mapigo. Mwaka 2007 walichapisha utafiti mwingine, wa wagonjwa 78 wa Ujerumani na Marekani, na hata wiki 3 zilitosha kuonyesha tofauti.

Wengi huharibu kwa kuanza na mwendo wa haraka. Usimwekee chakacha! Mhesabie kwanza hatua zake za dakika moja, akitembea kwa namna anavyoweza. Zikiwa 50, tegesha metronomu ya simu, yaani programu inayogonga mapigo kwa vipindi sawa, kwenye mapigo 50 kwa dakika na uiache hapo mpaka kisigino kitue sambamba na pigo. Hapo ndipo uongeze, kwa asilimia 5 hivi, na unyayo ukianza kukwaruza sakafu, punguza. Taarabu najua ataidai. Mpe jioni akiwa ameketi.

Wewe simama upande wake wa kushoto, nyuma kidogo, ukishika mkanda wa kiunoni. Kamwe usimvute kwa mkono uliopooza, kwa kuwa bega lililolegea huteguka kwa urahisi. Mtaalamu wake wa tiba ya viungo alione zoezi hili kabla hamjalianza, na siku ambayo shinikizo la damu limepanda, apumzike.

Ukijibu, niandikie idadi ya hatua zake kwa dakika, na kama mkongojo wake ni wa mguu mmoja au minne, nikushauri namna ya kuuoanisha na mapigo.

Nduguyo,
Hamisi