Mzinga wa Bomba la PVC na Baridi ya Kipupwe: Kwa Nini Tunakuuliza Kabla ya Kukukatia

Mwezi Julai mwaka juzi mteja wetu mmoja, mkulima wa mahindi kutoka upande wa Siha, aliingia dukani kwetu hapa Moshi akiwa na mfuko wa salfeti, akaumwaga juu ya kaunta na kudai arudishiwe fedha zake. Ndani mlikuwa na vipande vya bomba la PVC la inchi 4 tulilomuuzia wiki mbili kabla, vingine virefu kama kisu cha jikoni, na vyote vikiwa na kingo kali kama za chupa iliyovunjika. Alikuwa ameligeuza bomba hilo kuwa mzinga wa kurushia mipira ya matambara yenye pilipili ili afukuze tembo, akalijaza upepo kwa pampu ya tairi alfajiri, na kabla hajafungua koki likapasuka. Kipande kimoja kilikutwa kimezama katika shina la mgomba. Yeye alikuwa amekwenda nyuma ya ukuta kuchukua tochi, na hiyo ndiyo sababu pekee iliyomwezesha kuja kugombana nasi akiwa mzima.

Bomba halikuwa bovu. Maandishi yaliyopigwa ubavuni mwake yalisema PN 10, maana yake ni kwamba limetengenezwa kubeba maji yenye presha ya hadi bar 10 kwenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi. Watu wengi husoma namba ile tu na kuacha yanayokwenda nayo, yaani maji na nyuzi 20. Mwenye pampu inayoishia bar 6 hujiona yuko salama kwa sababu sita ni chini ya kumi, na kwa maji angekuwa sahihi.

Upepo ni jambo jingine kabisa. Maji hayashindiliki kwa urahisi, kwa hiyo bomba la maji likipata ufa, presha hushuka papo hapo na unachopata ni mkondo wa maji na sakafu iliyolowa. Hewa iliyoshindiliwa hubaki kama springi iliyokunjwa. Nguvu iliyohifadhiwa ndani yake, kwa presha ileile na ujazo uleule, ni maelfu ya mara kuliko ya maji, na ufa ukianza, nguvu hiyo yote hutoka pamoja na vipande vya bomba. Kwa wanaopenda hesabu: upepo wa bar 6 ndani ya bomba la inchi 4 husukuma kifuniko cha mwisho kwa nguvu inayokaribia uzito wa mifuko kumi ya saruji, na kinachokizuia kisiruke ni gundi tu.

Sasa tuje kwenye baridi, ambayo ndiyo swali tunaloulizwa zaidi kuanzia Juni hadi Agosti. Mkulima yule alitubishia kwamba baridi hufanya plastiki iwe ngumu, hivyo bomba lingepaswa kuwa imara zaidi alfajiri kuliko mchana. Ni kweli kwamba PVC huwa ngumu zaidi inapopoa, lakini kwa ugumu huohuo hupoteza uwezo wa kunyumbuka na kumeza kishindo, na badala ya kuvimba au kuchanika kidogo huvunjika kama kigae. Mzinga hauishi maisha ya utulivu kama bomba lililofukiwa ardhini: hudondoshwa, hugongwa kwenye jiwe, huwa na mikwaruzo ya msumeno, na kila koki inapofunguliwa ghafla hutikiswa mwili mzima. Tukubali pia kwamba baridi yetu si ya theluji, isipokuwa kwa wanaopanda mlima, na kwamba PVC haigeuki kioo kwa sababu tu alfajiri ya Sanya Juu imeshuka chini ya nyuzi 10. Kinachotokea ni kwamba ustahimilivu hupungua kidogo kidogo kadiri joto linavyoshuka, na katika kitu ambacho tangu mwanzo hakikutengenezwa kwa upepo, hicho kidogo kinatosha. Wala mchana si dawa, maana bomba likipata joto zaidi ya kiwango chake hulegea na uwezo wake wa kubeba presha hushuka.

Yapo mambo mengine mawili yanayoongezea baridi makali. La kwanza ni jua: bomba lililoanikwa nje kwa miezi hufifia rangi na ngozi yake hukauka, kisha ufa huanzia hapo. La pili ni gundi, ambayo katika baridi huchukua muda mrefu zaidi kukauka kuliko watu wanavyodhani, hasa kwenye mabomba mapana, huku mvuke wake unaoshika moto ukibaki ndani ya bomba lililozibwa. Bomba la maji machafu tusilitaje hata kidogo, kwani halikutengenezwa kubeba presha yoyote.

Haya si maneno ya muuza duka anayeogopa lawama. Mei 1988 mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, inayoitwa OSHA kama hii yetu ingawa ni tofauti, ilitoa taarifa ya tahadhari dhidi ya kupitisha hewa iliyoshindiliwa katika mabomba ya PVC yaliyo juu ya ardhi, baada ya mabomba ya namna hiyo kulipuka viwandani. Wenye gereji waliofunga PVC kutoka kwenye kompresa wajihesabu humo pia. Waje tuwaoneshe mabomba ya chuma.

Kwa hiyo anayetuuliza jinsi ya kutumia mzinga wa PVC kwa usalama wakati wa baridi tunamjibu kwamba hatuna namna ya kumpa. Kuuzungushia blanketi, kupunguza presha au kuuotesha jua kwanza hakuondoi hatari, na zaidi ya hayo, kabla ya kutengeneza chochote kinachofyatua, ni vyema kuuliza polisi, kwa sababu ipo Sheria ya Kudhibiti Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015 na hakuna anayetaka kujifunza vifungu vyake akiwa mahabusu.

Tunaelewa kwamba tembo hawasubiri, na kwamba kifuta machozi, yaani fedha ambayo serikali humpa aliyeharibiwa mazao na wanyamapori, hakijazi ghala. Tulichomshauri mkulima wetu ni kumwona afisa wanyamapori wa halmashauri, na wakati huohuo kuzungushia shamba kamba iliyopakwa oili chafu iliyochanganywa na pilipili, yenye vitambaa vinavyoning'inia, pamoja na tochi kali na honi kwa walinzi wa zamu. Mwenye nafasi anaweza kutundika mizinga ya nyuki kwenye waya kuzunguka shamba, ili tembo akigusa waya mizinga itikisike. Huo ndio mzinga pekee tunaokubali kuuzia vifaa vyake.

Fedha za bomba hatukumrudishia, ila tulimpunguzia bei ya kamba. Tangu wakati huo kila anayetaka bomba la inchi 3 au 4 pamoja na vifuniko viwili na koki moja huulizwa kwanza anakwenda kulifanyia nini, na vipande vya Siha viko kwenye boksi chini ya kaunta kwa yeyote anayetaka kuvishika.